Besi ya Maate

Kwa muda wa miaka saba Maate alijua jambo ambalo Atwine, mjane wa rafiki yake Okot, hakulijua: kwamba jina la Okot lilitoka kinywani mwake yeye Maate, siku ya pili ya kupigwa, akiwa amelala kifudifudi juu ya sakafu ya ghala la pamba. Atwine aliamini kuwa ni jirani yao Semakula, mwenye duka, aliyemsaliti mumewe kwa askari. Katika miaka hiyo Semakula alivunjiwa madirisha mara mbili, akamwagiwa uchafu mlangoni, akakosa wateja hata wa kiberiti. Maate aliyaona yote hayo, akaendelea kupima kahawa siku za kazi na kufundisha kwaya kila Jumamosi.

Nimemjua tangu tulipoketi dawati moja katika shule ya misheni, tukifundishwa solfa, noti zinazoandikwa kwa herufi, na mwalimu ambaye hakupenda upotevu wa karatasi. Mwalimu huyo aliandika kila sauti kwenye kipande chake: sauti ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, ya tatu peke yake, na besi peke yake. Maneno ya wimbo aliyaandika kwenye karatasi ya sauti ya kwanza tu, kwa kuwa wengine wangeyajifunza kwa kusikiliza. Alisema pia kuwa mwimbaji anayeziona noti za mwenzake hushawishika kuziiba. Maate aliushika utaratibu huo utu uzima wake wote, wala hakuna aliyewahi kufikiri kwamba ungeweza kumdhuru mtu.

Nyimbo zake za mwanzo hazikufanana na za mwingine yeyote katika milima hii. Alizaliwa Karambi, na babu yake alikuwa mpigaji wa endara, ile marimba kubwa ya vipande vya mti vinavyolazwa juu ya vigogo vya migomba, ambayo watu wanne au watano huiketia pamoja. Hakuna hata mmoja wao aliye na wimbo mzima mikononi. Huyu hupiga viwili akanyamaza, yule hujibu kimoja, na wimbo huzaliwa katikati yao. Maate aliandikia kwaya namna hiyo hiyo. Sauti ya kwanza ilianza neno, ya pili ikalimalizia, ya tatu ikasubiri mapigo sita kabla ya kuingia, na besi ikatembea chini yao pole pole, kama mtu anayebeba mzigo ambao wengine wameufunga. Usingeweza kuondoa sauti moja. Tulipoziimba, kila mmoja alimhitaji mwenzake kwa pumzi.

Okot ndiye aliyeimba sauti ya tatu. Baba yake alikuja kutoka kaskazini, kwa Waacholi, kuchimba shaba Kilembe, naye Okot akazaliwa huko, akaoa Bwera, akazungumza Lhukonzo, lugha ya milima hii, vizuri kuliko baadhi yetu. Alikuwa mtu wa mzaha. Maate alipomsihi ahesabu mapigo yake sita bila kuyapunguza, Okot alikuwa akimjibu, "Mwalimu, mimi nahesabu. Lakini hiyo besi yako inatembea kama bibi harusi. Itafika lini?" Mkewe Atwine, aliyeimba sauti ya pili, alikuwa akimpiga kofi la begani, nasi tukicheka wote.

Mwaka ule wa vurugu, siku ya Jumamosi, kikundi cha vijana wa mlimani waliopinga serikali, wenye mapanga na mikuki, kilivamia kituo kidogo cha polisi upande wa mlimani, kikawakatakata polisi wawili mbele ya mahabusu. Jumapili askari waliteremka barabarani. Nyumba zilichomwa. Tulihesabu milio ya risasi kwanza, kisha tukaacha kuhesabu. Mtoni zilipita maiti mbili zilizofungwa mikono, na aliyekwenda kuzitoa alipigwa risasi ya mguu.

Siku ya Jumanne Maate aliondoka Bwera kwa pikipiki, akielekea Maliba. Kanisa jipya lilikuwa liwekwe wakfu huko Jumapili iliyofuata, na waimbaji wawili wa besi wa kwaya ya Maliba walihitaji sehemu yao. Tulimwambia asubiri. Alijibu kuwa besi haijifunzi yenyewe. Ndani ya Biblia yake alikuwa ameweka karatasi moja.

Kabla ya kufika Kasese alikuta kizuizi kipya.

"Simama! Zima! Shuka, lala chini! Mikono juu ya kichwa!"

Dereva wa pikipiki alipigwa mateke mawili akaambiwa akimbie, akakimbia. Biblia ilitikiswa, karatasi ikaanguka. Askari aliyeiokota aliitazama, akaigeuza, akaita mkubwa wake. Ilikuwa imejaa herufi, nukta mbili mbili, mistari ya kulala na mikato midogo chini ya herufi. Haikuwa na neno hata moja.

"Hii ni nini?" aliuliza yule afande.

"Ni wimbo, afande."

"Wimbo? Maneno iko wapi?"

"Maneno iko kwa karatasi ingine, afande. Hii ni ya besi."

"Imba."

Maate aliimba akiwa amelala, kiatu cha askari kikiwa kimemkanyaga mgongoni. Do, akanyamaza, do tena, so ya chini, so, la, akanyamaza kwa muda mrefu kama alivyoandika mwenyewe, kisha do. Askari walicheka.

"Hii ni wimbo ama ni ng'ombe inakunywa maji?"

Afande hakucheka. Alichuchumaa, akaisogeza karatasi karibu na uso wa Maate. "Mzee, mimi nimeimba kanisani tangu nikiwa mutoto. Wimbo najua. Wimbo iko na sauti yake, mutu anaisikia anaijua. Hii ni hesabu. Niambie, d ni nini? Hii s iko na alama chini ni nini? Ni barabara? Ni bunduki ngapi?"

Walimpeleka kwenye ghala la zamani la pamba. Ndani alikuwamo Siraje, mchuuzi wa samaki kutoka Hamukungu, aliyekamatwa kwa sababu ya kisu cha kupasulia samaki kilichokuwa kikapuni mwake. Wote wawili walipigwa kwa waya wa umeme uliokunjwa mara tatu. Maate alipigwa nyayo hadi ngozi ikabanduka, na kidole cha kati cha mkono wake wa kulia kikavunjwa kwa kukanyagwa, kwa kuwa ndio mkono ulioandika. Walipoachwa kidogo Siraje alisema, "Mwalimu, wewe uko na wimbo, mimi niko na kisu. Wewe utatoka kwanza. Ukifika, ambia watu wangu samaki ziligawanywa kwa askari, hawakuzilipa." Alijaribu kucheka, akatema damu.

Siraje alikufa siku iliyofuata, yapata saa nne asubuhi. Alimwomba askari maji, naye akampiga kwa kitako cha bunduki nyuma ya sikio, pigo moja tu, kisha akatoka nje kuendelea na chai yake. Maiti iliachwa kando ya ukuta. Afande alipoingia aliionyesha kwa kidole.

"Umeona huyo? Sasa. Karatasi zingine. Nani iko nazo?"

Kilichopita katika akili ya Maate wakati ule nitakieleza kama alivyokieleza mwenyewe baadaye, bila kukipunguza wala kukipamba. Karatasi nyingine zilikuwa kwa watu watatu. Wawili walikuwa wanawake: Atwine, na Kyarikunda, mwalimu wa shule ya msingi aliyeimba sauti ya kwanza. Hakutaka kuwataja. Wa tatu alikuwa Okot. Na mlangoni Maate alikuwa amewasikia askari wawili wakizungumza lugha ile ile ambayo Okot alizungumza na marehemu baba yake. Vita hii, alifikiri, ni ya sisi watu wa mlimani na serikali. Okot ana jina la mbali. Wataliona jina lake, watamsemesha kwa lugha yake, atawaeleza kuwa ni kwaya, nao watamwamini kwa kuwa ni wao.

"Okot," alisema. "Anakaa Bwera, nyuma ya soko."

"Okot? Mwacholi?"

"Ndiyo, afande. Baba yake alikuwa wa mgodi. Huyo si mutu wa hapa."

Kilichomsumbua zaidi kwa miaka saba hakikuwa lile jina, bali yale maneno ya mwisho.

Afande alifikiri kinyume kabisa. Mtu wa mbali, akikaa katikati ya Wakonzo na karatasi yenye alama kama hizo, hawezi kuwa mwimbaji. Ni mpelekaji habari, tena wa kulipwa. Alituma gari mara moja.

Pale Bwera askari walimkuta Semakula amesimama mlangoni pa duka lake. Wakamwuliza nyumba ya Okot ni ipi, naye akanyoosha kidole, kama ambavyo yeyote angefanya mbele ya bunduki sita. Atwine alikuwa uani akichekecha unga wa muhogo. Alikiona kile kidole. Aliwaona wakiingia, akamsikia askari mmoja akisema, "Tumeambiwa iko na karatasi," akawaona wakiibandua karatasi ya Okot ukutani. Yake mwenyewe aliisukuma ndani ya unga. Okot alivutwa kwa mkanda wa suruali mpaka kwenye gari, akiwa na kiatu kimoja.

Alipotupwa ghalani alimwona Maate, akaiona na maiti ya Siraje, lakini mzaha haukumwacha upesi.

"Mwalimu! Kumbe leo besi imetangulia."

"Imbeni," afande aliamuru. "Wote wawili. Kama ni wimbo tutasikia."

Maate alianza. Okot alisimama kimya, midomo ikitikisika kidogo, akihesabu. Alikuwa na mapigo sita ya kusubiri. Alikuwa amegombezwa mara nyingi kwa kuyapunguza, na siku hiyo, mbele ya bunduki, aliyahesabu yote kwa uaminifu. Alipofika la nne askari mmoja alipaza sauti, "Wewe, kwa nini hauimbi? Unakataa?" akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Meno mawili yalianguka sakafuni. Okot alipiga magoti, na kutoka pale chini, kwa mdomo uliojaa damu, akaingia mahali pake barabara.

Haikusaidia. Sauti ya tatu na besi, bila zile mbili za juu, zilisikika kama watu wawili wanaonung'unika katika vyumba tofauti. Askari wale wawili wa kaskazini walimsemesha Okot kwa lugha yake, na alipowajibu kwa lugha hiyo hiyo wakamkasirikia zaidi, kwani waliona aibu mbele ya wenzao. Wao ndio waliompiga mateke ya tumbo. Walimpiga mpaka jioni.

Alhamisi asubuhi Atwine alikwenda kwa Kyarikunda, akamweleza kuwa askari walitafuta karatasi. Kyarikunda aliielewa hatari kabla mwenzake hajamaliza. Alichukua karatasi yake yenye maneno, wakaikung'uta ya Atwine unga, wakatafuta pikipiki. Madereva wanne walikataa. Walipata lori la mchanga lililowashusha mbali na kizuizi, wakaenda kwa miguu katikati ya barabara, leso nyeupe mkononi, huku bunduki zikiwaelekea.

"Afande," Kyarikunda alisema, kwa sauti ile anayotumia darasani, "nyinyi mumechukua nusu ya wimbo. Nusu ingine ni hii. Tupeleke kwa watu wetu, tuimbe, usikie."

Wakapelekwa. Atwine alipomwona mumewe alipiga ukelele mmoja. Kyarikunda akambana mkono. "Kwanza imba," alimwambia. "Utalia tukitoka."

Waliimba. Kyarikunda alianza neno, Atwine akalimalizia. Maate alikuwa ameegemea ukuta. Okot hakuweza kuinuka. Alilala ubavu, akahesabu, akaingia. Ulikuwa wimbo wa kuwekwa wakfu, wa maneno machache: mlango umefunguliwa, ingieni kwa shukrani. Waliuimba beti zote tatu, miguuni pa Siraje aliyefunikwa gunia. Afande alisikiliza hadi mwisho, akarudisha kila karatasi kwa mwenyewe.

"Kumbe ni wimbo kweli," alisema. "Tena ni muzuri." Kisha akamgeukia Maate, na nadhani aliuliza kwa kutaka kujua tu. "Sasa wewe mwalimu, unaandika wimbo gani mutu mumoja hawezi kuimba peke yake?"

Akawaambia watoke.

Okot alifariki Jumamosi hospitalini. Bandama lilikuwa limepasuka, na tumbo limejaa damu. Kule Maliba sherehe iliahirishwa.

Maate hakuandika chochote kwa zaidi ya mwaka. Alipoanza tena, sisi tuliozoea mtindo wake tulidhani nyimbo ni za mtu mwingine. Sauti zote nne zilianza pamoja na kumaliza pamoja. Hakuna iliyosubiri, hakuna iliyonyamaza hata pigo moja. Maneno yote aliyaandika kwenye kila karatasi, pamoja na jina la kanisa na tarehe. Na kila sauti, hata besi, ilikuwa wimbo kamili wenye kujitegemea: ungeweza kumshika mwimbaji yeyote njiani, ukamlaza chini, ukamwamuru aimbe, na mtoto mdogo angetambua kuwa ni wimbo. Kwaya zilizipenda. Zilikuwa rahisi kushika, nazo zikaenea hadi ng'ambo ya mpaka, ambako watu waliziimba bila kujua zilikotoka.

Mwaka wa saba alikuja kijana wa chuo kikuu, jina lake Ahumuza, mwenye kinasa sauti. Alifurahishwa sana.

"Mzee, kila sauti inasimama yenyewe. Hili sijaliona kwa mtunzi mwingine. Ulilipata wapi?"

"Ni rahisi kufundisha," Maate alimjibu.

Kijana akaandika hivyo. Atwine alikuwa ameketi benchi la pili, akipanga karatasi.

Wiki hiyo hiyo Ojara, mdogo wake Okot, aliyekuwa akifanya kazi ya saruji mbali na nyumbani, alirudi Bwera. Alikunywa kidogo, akasikiliza mengi, na siku ya soko, mchana kweupe, akamfuata Semakula kati ya wauza nyanya akiwa na nondo. "Wewe uliuza ndugu yangu!" Pigo la kwanza lilivunja mkono ambao Semakula aliuinua kujikinga. Pigo la pili lilipasua jicho la kushoto. Watu walitazama. Wengine walisema, acha apate. Alipoanguka juu ya nyanya hapakuwa na aliyeweza kutofautisha damu na nyanya, naye Ojara akaendelea kumpiga miguu mpaka polisi walipofika. Semakula hakufa. Jicho halikuokolewa.

Maate alikuwa kwenye mizani yake, hatua thelathini kutoka pale. Aliona yote.

Jumamosi, saa tisa alasiri, kwaya ilipokusanyika, hakugawa karatasi. Alisimama mbele yetu, akauliza kama Atwine yupo, ingawa alikuwa anamwona.

"Niko, mwalimu."

"Semakula hakumtaja mume wako," alisema. "Ni mimi. Walikuwa wamemuua mtu mbele yangu, nami nikataja Okot. Niliwaambia anakaa nyuma ya soko. Niliwaambia si mtu wa hapa. Nilidhani jina lake litamlinda."

Atwine aliweka begi lake chini kwa uangalifu, akatoka kwenye benchi, akaenda mpaka alipo Maate, akampiga kofi. Miwani ikaruka. Akampiga tena kwa ngumi, mdomoni, mara tatu, mara nne, na Maate aliiweka mikono yake nyuma kama mwanafunzi. Wanaume walitaka kumshika Atwine. Kyarikunda akawazuia. Damu ilimtoka Maate puani ikachirizika kwenye shati.

"Miaka saba," Atwine alisema, akihema. "Umekula kwangu Krismasi. Nimepita mbele ya duka ya yule mutu nikitema mate. Mimi! Shemeji yangu iko ndani, yule mutu amekuwa kipofu wa jicho, na wewe unafundisha sisi 'Bwana asifiwe'?"

"Ndiyo."

"Usiniambie ndiyo!"

Akampiga tena, kisha akaketi sakafuni, akafunika uso kwa kitambaa. Akauliza, bila kumtazama, "Alijua? Okot alijua kama ni wewe?"

"Hakuuliza," Maate alisema. "Aliingia, akaniona, akafanya mzaha. Nafikiri alijua."

Siku ya Jumatatu Atwine alikwenda kwa Semakula hospitalini. Alisimama mlangoni pa wodi kwa saa nzima kabla ya kuingia, na waliyozungumza ni yao. Maate alikwenda polisi akaandikisha maelezo, ili hakimu wa Ojara ajue uongo ulianzia wapi. Ojara alifungwa hata hivyo. Semakula alifunga duka, akarudi kwa watu wake.

Mchungaji alitaka kuita kikao cha kumhukumu Maate, lakini Atwine alisema kikao si lazima, yeye amekwisha kuamua. Alimtumia Maate ujumbe kupitia kwa Kyarikunda: asiache kanisa, asihame Bwera, aje kila Jumapili, akae benchi la mbele kabisa mahali ambapo Atwine atamwona, na asifungue mdomo.

Anafanya hivyo mpaka leo. Huja mapema, akiwa amevaa koti lake la kijivu, kidole kilichopinda kikiwa juu ya goti. Kwaya huimba nyimbo zake, kwa kuwa hatuna nyingine tunazozijua vizuri hivyo, na kwa kuwa kila sauti ni wimbo mzima, hakuna mgeni anayeweza kugundua kuwa sauti imepungua. Kijana mmoja wa Karambi ameshika besi. Anaimba kwa nguvu, hasubiri mtu.

Nilimwuliza Maate siku moja, tukitoka ibadani, kama angependa kurudi kwenye kwaya. Alisema wa kuulizwa ni Atwine. Hakuna kati yetu aliyethubutu kumwuliza.